Sijala, Nimekunywa Chai Tu

Septemba 2025 UNICEF ilitoa ripoti yenye habari ambayo haikuwahi kuandikwa kabla. Duniani kote, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri sasa ni wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 kwa 9.2. Mwaka 2000 hesabu ilikuwa kinyume kabisa, asilimia 3 hivi kwa karibu 13. Ripoti ilitaja kanda mbili tu ambako mambo hayajageuka, Asia Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na hapo ndipo wengi wetu tuliposhusha pumzi. Tangu wakati huo nimekuwa nikisikia mazungumzo ya aina mbili. Kuna wanaosema huo ni ugonjwa wa walioshiba, sisi bado tunapambana na udumavu. Na kuna wanaokubali kwamba unene umeshaingia kwetu, ila lawama wanaipeleka kwa mgeni: baga, piza, kuku wa kwenye maboksi, maduka ya kwenye viyoyozi. Naona pande zote mbili zinatazama pasipo.

Unene unaoongezeka katika miji ya Afrika Mashariki hautokani hasa na mlo tunaoketi kuula, wala na migahawa yenye majina ya kigeni, ambayo mkazi wa Mbagala au wa Kayole huipita akiwa ndani ya daladala au matatu. Unatokana na vitu ambavyo Kiswahili chenyewe hakivihesabu kuwa chakula: sukari iliyomo kwenye chai, mafuta yaliyomo kwenye kila sufuria, na vitafunwa vya ngano tunavyotafuna ili saa zisogee. Vitu hivyo vimeshika nafasi hiyo kwa sababu ya bei, muda na mkaa. Watu hawakugeuka walafi ghafla. Tusipolielewa hilo tutaendelea kutoa ushauri mzuri kwa tatizo ambalo silo.

Muulize mtu wa Dar es Salaam saa saba mchana kama amekula. "Sijala, nimekunywa chai tu." Ukiifuatilia hiyo chai, utakuta ni vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu vya sukari, na chapati mbili. Kwetu neno chakula lina mipaka yake. Ni ugali, ni wali, ni ndizi, kitu kizito kinachopakuliwa na kuliwa na kitoweo. Vilivyobaki vyote vina majina ya pembeni. Andazi, kitumbua, sambusa, bagia, kalimati na muhogo wa kukaanga ni vitafunwa. Soda ni kinywaji. Karanga ni za kuchangamsha mdomo. Hata vitenzi vyake ni vingine: mtu anapoza njaa, anazuga tumbo, anasogeza muda. Mlo wa asubuhi wenyewe tunauita kifungua kinywa, jina ambalo ukilisikiliza vizuri halisemi kwamba mtu amekula, linasema amefungua kinywa tu, chakula kinakuja baadaye. Lugha hii haikukosea ilipotungwa. Katika nyumba nyingi za bara, andazi lilikuwa la sikukuu au la mgeni, na sukari ilifungiwa kabatini. Asubuhi watu walikula kiporo, kiazi kitamu au uji. Kilichotokea ni kwamba mambo ya pembeni yamehamia katikati ya siku, nayo maneno yamebaki pale pale.

Tuhesabu kidogo, maana hapa hesabu inasema zaidi ya maoni. Gramu moja ya sukari au ya wanga ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Vikombe viwili vya chai yenye sukari ya vijiko vitatu kila kimoja vinakaribia kalori 120, bila kuhesabu maziwa. Chapati moja ya kawaida, yenye gramu kama 60 za unga na vijiko viwili au vitatu vya chai vya mafuta, haipungui sana kalori 300, kwa hiyo mbili ni kama 600. Saa kumi jioni ikija soda moja ya mililita 350, zinaongezeka karibu kalori 150. Jumla ni 870 hivi. Mwanamke mtu mzima anayefanya kazi ya kukaa anahitaji kama 2,000 kwa siku. Maana yake ni kwamba dada huyu amekula zaidi ya theluthi moja ya mahitaji yake ya siku nzima, na akirudi nyumbani saa mbili usiku anasema kwa haki yake kabisa kwamba hajala tangu asubuhi. Kisha anapakua wali. Akiona mwili unaongezeka, atapunguza nini? Atapunguza wali, kwa sababu hicho ndicho anachokijua kuwa chakula.

Mwaka juzi nilimsindikiza mama mdogo kliniki ya presha na sukari. Nesi alimuuliza, "Mama, leo umekula nini?" Akajibu, "Sijala, mwanangu." Nesi akaandika. Lakini alfajiri ile nilikuwa nimekaa naye jikoni. Alikunywa chai ya kwenye chupa, ile inayochemshwa na sukari humo humo ili asubuhi kila mtu ajimiminie, vikombe viwili, na maandazi matatu yaliyobaki jana. Mama mdogo hakudanganya. Aliulizwa habari za chakula, na chakula alikuwa hajala. Alirudi na karatasi inayomwambia apunguze ugali wa usiku, akaufuata ushauri ule miezi mitano kwa uaminifu ambao ulinitia uchungu, akilala na chai na mkate, na mizani haikusogea.

Takwimu zinaonyesha jambo hili limekuwa likijengeka muda mrefu, kimya kimya. Nchini Tanzania, tafiti za kitaifa za hali ya afya zilikuta wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, wakiwa asilimia 11 mwaka 1991-92. Mwaka 2004-05 walikuwa 18, mwaka 2010 wakawa 22, na 2015-16 wakafika 28. Kenya ilitoka asilimia 33 mwaka 2014 hadi 45 mwaka 2022, ingawa rika lililohesabiwa halikufanana sawasawa, kwa kuwa hesabu ya pili ilichukua wanawake wa miaka 20 hadi 49. Kipimo ni kile kile cha siku zote: uzito wa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ukipata 25 na kuendelea uzito umezidi, ukipata 30 ni kiribatumbo. Kipimo hicho kina kasoro zake kwa mtu mmoja mmoja, hasa mwenye misuli, lakini kwa kulinganisha taifa na taifa au muongo na muongo kinatosha. Kwa Tanzania ni robo karne, kiwango mara mbili na nusu. Hakuna aliyetangaza dharura.

Kuna jambo la kihistoria ambalo wanaoulaumu mgahawa wa kigeni hulisahau. Baadhi ya mawazo ambayo dunia nzima inayatumia leo kuhusu ulaji na magonjwa yalizaliwa hapa hapa kwetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda na kufanya kazi hospitali ya Mulago miaka mingi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alifika Uganda mwaka 1946. Magonjwa waliyoyazoea kwao, kiribatumbo kikiwemo, yalikuwa nadra mno katika wodi zao. Baadaye walikuja kudai kwamba siri mojawapo ilikuwa nyuzinyuzi: watu wa hapa walikula nafaka isiyokobolewa, mizizi, kunde na majani, chakula kinachojaza tumbo kabla hakijazidi. Dai lao lilipingwa hapa na kurekebishwa pale, lakini kiini chake kimesimama. Sasa tazama mashine ya kusaga mtaani kwako. Mahindi yanakobolewa kwanza, pumba na kiini vinaenda kwa kuku na ng'ombe, sisi tunabaki na sembe nyeupe. Dona limekuwa chakula cha shule za bweni na cha anayeshauriwa na daktari. Weupe wa unga umekuwa cheo. Hakuna mgeni aliyekuja kutulazimisha kukoboa.

Mafuta nayo yana kisa chao, nami nitayakalia kidogo kwa kuwa ndipo mzigo mkubwa ulipo. Simama kwenye duka lolote la Manzese au Tandale saa kumi na mbili jioni. Watoto wanakuja mmoja mmoja na chupa tupu za maji. Muuzaji ana dumu la njano la lita 20, anachota kwa kipimo cha bati, anamimina, anapokea sarafu, anaita mwingine. Hayo ndiyo mafuta ya kupimiwa. Tanzania hulima alizeti, hasa Singida na Dodoma, lakini haijawahi kutosheleza mahitaji yake, na pengo limejazwa kwa miaka mingi na mafuta ya mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Kuja kwake kwa wingi kulibadilisha mapishi bila mtu kutamka. Nyama iliyokuwa inachemshwa sasa inaanza kukaangwa ndipo iungwe. Mchicha unaungwa kwa mafuta, kitunguu na nyanya hadi majani yanang'aa, na kama ni Pwani nazi inafuatia. Mchuzi unasifiwa pale mafuta yanapopanda juu na kuelea. Mpishi ambaye mafuta yake hayaonekani anahesabiwa bahili. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, sawa na kipande cha ugali kinachoonekana kwa macho. Lakini ugali unauona mkononi. Mafuta yanapita ndani ya mboga, na mboga kila mtu anajua ni kitu kizuri kwa afya.

Kwa nini ukaangaji umeushinda uchemshaji? Ulafi hauelezi hilo. Mkaa unaeleza. Maharage makavu yanataka saa mbili tatu jikoni. Kwa mtu anayenunua mkaa wa kopo, au gesi ya mtungi mdogo inayopaswa kufika mwisho wa mwezi, sufuria ya maharage ni gharama inayomfanya afikiri mara mbili. Andazi analinunua limeiva. Chipsi zinaiva kwa dakika chache kwenye karai la mtu mwingine, kwa mafuta na kuni za mtu mwingine. Ongeza muda. Anayeishi Chanika au Bunju na kufanya kazi Posta anaamka saa kumi, anatoka saa kumi na moja, anarudi usiku. Hana saa za kuchambua mchele wala za kuosha mchicha. Njiani, kituo kwa kituo, anauziwa kile kinachobebeka kwa mkono mmoja ndani ya daladala: sambusa, yai, kashata, korosho, soda. Mezani kwa mama lishe kuna chakula kamili, wali na maharage na mchicha na kipande cha tikiti, na kwa maoni yangu mama lishe ni miongoni mwa walinzi wa mwisho wa lishe ya mjini. Lakini mama lishe anataka uketi. Na bei yake inazidi ya andazi mara kadhaa. Ukiuliza shilingi moja inanunua kalori ngapi, ngano iliyokaangwa inashinda kila kitu sokoni. Ukiuliza inanunua lishe kiasi gani, inashindwa na karibu kila kitu. Mwenye njaa na haraka anauliza swali la kwanza, na yuko sahihi kuliuliza.

Hapa niwageukie wenye maoni tofauti, kwa sababu baadhi wana hoja nzito. Nzito kuliko zote ni ya wale wanaosema njaa kwanza. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto watatu kati ya kila kumi walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Kuzungumzia unene katika nchi ya namna hiyo kunaweza kuonekana kama kumsahau mtoto huyo. Ningekubaliana nao kama matatizo haya mawili yangekuwa ya watu wawili tofauti. Lakini mara nyingi yako nyumba moja: mama mwenye kiribatumbo, mtoto aliyedumaa, na wote wawili wana upungufu wa damu, kwa sababu wanakula chungu kimoja chenye wanga na mafuta tele na vitu vichache vya kujenga mwili. Na yanaweza kuwa ndani ya mtu mmoja kwa nyakati tofauti. Uholanzi ilipopitia njaa kali ya vita katika baridi ya 1944-45, vijana ambao mama zao walikuwa na mimba changa wakati ule walipimwa walipofika miaka 19, na kiribatumbo kilionekana zaidi kwao. Mwili uliofundishwa uhaba tumboni unajua sana kutunza akiba ukikutana na wingi. Kwa hiyo mtoto aliyedumaa leo Rukwa, akija kuhamia Dar es Salaam akiwa na miaka ishirini na kukuta chapati na soda, ndiye aliye hatarini zaidi. Anayepigana na udumavu tayari anapigana na kiribatumbo, kama atalisha mtoto chakula na si kalori tu.

Hoja ya urithi nayo siidharau. Watu hawafanani; wapo wanaokula sahani ile ile na mmoja akanenepa, mwingine akabaki alivyo, na sayansi imeonyesha wazi kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika vinasaba. Ndiyo maana kumsema mtu mnene hadharani ni dhuluma. Ila urithi unaeleza kwa nini Asha na si Rehema. Hauelezi kwa nini 11 imekuwa 28 ndani ya kizazi kimoja, kwa maana vinasaba vya taifa havibadiliki kwa miaka ishirini na mitano.

Wapo wanaosema tatizo ni kukaa: bodaboda hadi mlangoni, lifti, simu. Jibu la hoja hii, kwa bahati, lilitoka kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti walitarajia kukuta matumizi makubwa ya nishati. Walikuta kwamba, ukishalinganisha ukubwa wa miili, Mhadzabe anatumia nishati kwa siku karibu sawa na karani wa Marekani au Ulaya. Mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi upande mwingine. Mazoezi yanaokoa moyo, yanashusha presha, yanasaidia sukari, na kila mtu ayafanye. Lakini kutembea nusu saa hakufuti chapati mbili, na anayeambiwa vinginevyo anaishia kujilaumu.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ya uroho, nayo bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, kwenye mimbari, kwenye redio, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya: watu wanene hawawezi kujizuia. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, huku milo ikipangwa iwe sawa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu ale atakavyo. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka kama gramu 900. Zile nyingine walipungua kiasi hicho hicho. Watu ni wale wale, tabia ile ile, nia ile ile. Kilichobadilika ni sahani. Sisemi kwamba andazi la mama wa jirani ni chakula cha kiwandani. Anaukanda unga kwa mkono wake. Lakini unga mweupe, sukari na mafuta yaliyosafishwa vimetoka kiwandani, na andazi laini linashuka haraka kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema basi. Kama nia ya mtu mzima aliyejitolea kwa utafiti inashindwa ndani ya wiki mbili, kumhukumu mama anayelea watoto wanne kwa kipato cha siku si haki, na wala hakumsaidii.

Na tukumbuke tulichowafundisha watu kuhusu miili yao. Kizazi kilichozika ndugu kwa UKIMWI miaka ya 1990 kilijifunza kuogopa kukonda. Neno "amekonda" lilitamkwa kwa sauti ya chini, na kila mtu alijua linamaanisha nini. Kunenepa ulikuwa ushahidi kwamba mtu yu mzima. Hadi leo tunapokelewa kwa "umenawiri, mji umekupenda", na anayepungua kwa kukusudia analazimika kuwaeleza majirani kwamba haumwi. Hili halikutokana na ujinga. Ni kumbukumbu ya msiba, na anayekuja na kampeni ya "punguza mwili" bila kuijua kumbukumbu hiyo atapuuzwa, hasa na wanawake wa umri huo, ambao ndio waliobeba mzigo mkubwa: katika utafiti ule wa Kenya wa 2022, wanaume wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 19 tu.

Tukikubali kwamba adui ni kile kisichohesabiwa, hatua kadhaa zinabadilika. Kodi ya soda, kwa mfano. Mexico iliianzisha mwaka 2014, peso moja kwa lita, na ununuzi wa vinywaji hivyo ukashuka kwa kama asilimia 6 mwaka wa kwanza na zaidi mwaka uliofuata. Afrika Kusini iliifuata Aprili 2018 kwa kutoza kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100, na viwanda vikapunguza sukari kwenye chupa. Naiunga mkono kodi ya namna hiyo hapa, ikiwa inatoza sukari na si chupa. Lakini tusijidanganye kwamba itatosha, kwa kuwa sukari nyingi ya kwetu haitoki kwenye chupa ya soda, inatoka kwenye kijiko nyumbani, na serikali zetu zote zinahangaika ibaki rahisi. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika Tanzania na bei kupaa, mjadala mzima ulikuwa ni lini itashuka. Naelewa kwa nini. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50, na ikiwezekana nusu ya hapo. Vikombe vinne vya chai kama ile tuliyoihesabu juu vinaimaliza, hata kabla ya soda. Hapa ndipo jambo dogo la nyumbani lina uzito kuliko sheria: sukari itoke kwenye chupa ya chai irudi kwenye bakuli. Chai ikichemshwa bila sukari, kila mtu atachota yake, ataiona, ataihesabu. Baba atachota vijiko vitatu kwa kuanzia, sawa. Mtoto wa miaka minne hatalazimika kunywa kipimo cha baba.

Kliniki zibadilishe swali. Badala ya "umekula nini," nesi aulize, "Tangu umeamka, umetia nini mdomoni?" na aanze yeye kutaja: chai, karanga, andazi, juisi. Ni dakika mbili zaidi kwa kila mgonjwa, na najua foleni zilivyo, lakini bila hizo dakika mbili karatasi ya ushauri inaandikwa kwa mtu asiyekuwepo. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973 na yenye wataalamu wanaolijua suala hili kuliko mimi, inaweza kuandaa orodha ya vitafunwa vya kila mkoa na kuifikisha hadi zahanati. Shule nazo zitazame geti lao. Mtoto anayepewa pesa ya mapumziko ananunua kilichopo, na kilichopo ni barafu za rangi, kashata na mihogo ya karai. Mama yule yule anayeuza mihogo ya kukaanga anaweza kuuza ya kuchemsha na kachumbari, au mahindi, au ndizi mbivu, akihakikishiwa kwamba hatapata hasara. Kumfukuza getini hakumlishi mtoto, na kunamnyima mama riziki.

Jambo la mwisho liko kwenye jiko. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya misitu na mapafu, na ni sahihi. Sijasikia ukizungumzwa kama mkakati wa lishe. Jiko la umeme la presha linaivisha maharage chini ya saa moja, kwa umeme kidogo, bila mtu kulisimamia. Nyumba yenye jiko hilo inaweza kuweka maharage usiku, yakalala yameiva, na asubuhi yakaliwa na kiazi kitamu kabla ya kuondoka, kama zamani. Ruzuku inayopangwa kwa majiko inaweza kuelekezwa kwanza kwa nyumba zenye watoto wadogo na kwa mama lishe, ambao gharama ya kuchemsha ndiyo inayowafanya wapandishe bei ya maharage hadi ikaiacha bei ya chapati. Sijui kama waziri wa nishati na waziri wa afya wamewahi kuketi meza moja kuhesabu hilo. Bajeti ijayo ndipo mahali pa kuanzia.